Kubisha: Historia Iliyofichwa Kwenye Kamba ya Tanga

Fungua kamusi yoyote nzuri ya Kiswahili utafute neno bisha. Utakuta maana mbili ambazo kila mtu anazijua: kugonga mlango ili ufunguliwe, na kulikataa jambo alilosema mwenzako. Chini kidogo kuna maana ya tatu ambayo wengi wetu huwa tunairuka: kuendesha chombo cha tanga kuelekea kule upepo unakotoka, kwa kwenda upande huu kisha upande ule. Hata hodi tunayoibisha mlangoni, ukitaka, ina ukoo na bahari.

Kiswahili kimejaa maneno ya namna hii, yaliyoshuka pwani yakahamia bara. Soma kurasa za michezo: ligi yang'oa nanga, timu ina nahodha. Ndege ina rubani, na rubani wa kwanza alikuwa mtu wa kuongoza vyombo vya baharini. Chama kina mtu aliyeshika usukani. Mipango ikivurugika tunasema imekwenda mrama. Tunaoandika hivyo kila wiki, wengi wetu hatujawahi kung'oa nanga hata ya mtumbwi. Maneno yamebaki, vyombo vinaondoka, na mikono inayojua maana yake inazeeka.

Novemba iliyopita mimi na marafiki zangu watatu tuliamua kufanya jambo dogo kuhusu hilo. Mmoja ni mwalimu wa jiografia, mmoja muuguzi, mwingine fundi simu. Tulimtafuta mzee mmoja, nahodha wa zamani, kwenye pwani ya magharibi ya Unguja, tukamwomba atufundishe tanga kwa Jumapili nne. Hatukutaka kuvua wala kubeba mzigo. Tulitaka matembezi, basi. Ila kila alichotufundisha kilinirudisha kwenye vitabu vya historia nilivyokuwa navyo nyumbani, na hivyo vitabu vikaanza kusomeka tofauti.

Kwa nini Novemba

Tulipompigia simu mara ya kwanza ilikuwa Julai. Akacheka. "Saa hizi kusi, wanangu. Njooni bahari ikitulia." Hilo peke yake ni somo la kwanza la historia ya Bahari ya Hindi.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, na katikati yake, Juni na Julai, huwa kali kiasi kwamba vyombo vidogo hukaa pwani. Kaskazi hushika Desemba mpaka Machi, kutoka upande wa pili. Tazama jinsi pepo hizi zilivyotutawala: hatuna majina mengine ya kawaida ya pande hizo mbili za dunia. Ukisema unaishi kaskazini mwa nchi, umetaja upepo. Na neno msimu lenyewe, kutoka Kiarabu mawsim, ndilo ambalo Wareno walilichukua likasambaa katika lugha za Ulaya kama jina la pepo hizi hizi.

Kati ya kusi na kaskazi yapo majuma ambayo upepo haujaamua. Asubuhi unatoka nchi kavu, mchana unatoka baharini, jioni unalala kabisa. Wazee waliyaita maleleji, au tanga mbili, maana ukitweka tanga unaweza kwenda upande wowote. Kwa mfanyabiashara wa zamani hicho kilikuwa kipindi cha kupaka mafuta mbao, kushona tanga na kungoja. Kwa mwanafunzi ni kipindi cha dhahabu: upepo upo wa kukufundisha, lakini si wa kukuua.

Kupanga maisha kwa pepo kulihitaji hesabu. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja ukiilinganisha na jua. Upepo haufuati mwezi. Ukisema utasafiri mwezi wa Rajabu, baada ya miaka kadhaa Rajabu itakukuta kwenye kusi kali. Watu wa pwani wakawa na kalenda ya pili, ya jua, inayoanzia siku ya Nairuzi, wakaigawa kwa siku kumi kumi, kila kumi moja ikiitwa mwongo. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, baharia alijua mwongo wa kutweka. Makunduchi bado wanausherehekea mwaka huo kila Julai kwa Mwaka Kogwa, na wageni hufika kupiga picha za watu wakipigana kwa migomba. Wachache huuliza mwaka huo ulikuwa wa kazi gani.

Tanga linavyofundisha

Chombo chetu kilikuwa ngalawa: gogo lililochongwa, mirengu huku na huku kuizuia isipinduke, mlingoti mmoja, tanga moja la pembe tatu. Tanga limefungwa kwenye foromali, yaani ule mti mrefu unaovutwa juu ya mlingoti kwa henza. Ncha ya mbele ya foromali hushuka karibu na omo, ya nyuma hupanda juu angani. Pembe ya nyuma ya tanga, huku chini, ina kamba iitwayo demani. Hiyo ndiyo unayoishika. Usukani unaelekeza, lakini demani ndiyo inayozungumza na upepo.

Mzee hakutupa nadharia. Alisema, "Legeza mpaka lilie, vuta mpaka linyamaze. Likinyamaza, acha hapo hapo." Basi. Ukilegeza sana, tanga linapigapiga kama nguo kwenye kamba na chombo hakiendi. Ukivuta sana, chombo kinainama, mrengu wa upande wa chini unazama, na mwendo unakufa vilevile. Baina ya kilio na kimya pana nafasi nyembamba ya kuishi humo. Yule muuguzi, aliyezoea kusikiliza vifua vya watu, ndiye aliyeisikia nafasi hiyo kabla yetu. Sisi tulikuwa bado tunaitafuta kwa macho.

Ugumu ulikuja siku ya kurudi dhidi ya upepo. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Kinakwenda mshazari, upepo upande wa joshi, kisha kinageuka na kwenda mshazari upande mwingine. Huko ndiko kubisha. Na hapo tanga la pembe tatu lina tabia yake. Foromali na tanga hukaa upande mmoja wa mlingoti. Ukigeuka, lazima lihamishwe lote liende upande wa pili. Kwa hiyo unaupa upepo mgongo, unaachia demani, unaisimamisha foromali karibu wima, mtu anaipitisha kamba mbele ya mlingoti, kisha unavuta tena. Wakati huo wote chombo kinapoteza maji kiliyoyapata kwa jasho. Kwenye ngalawa ni kazi ya watu wawili. Kwenye jahazi kubwa, ambalo foromali yake ni ndefu kuliko chombo chetu kizima, ni kazi ya kundi la wanamaji, na kamba moja ikiteleza mtu anaumia.

Nilipoona vile nikaelewa kitu ambacho vitabu huwa vinakitaja haraka haraka. Jahazi si chombo cha kubisha. Linaweza kubisha, lakini haliipendi kazi hiyo. Na kabla ya jahazi palikuwa na mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, tanga lake la mraba likiwa mkeka uliosukwa. Yule mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, anaitaja bandari ya Rhapta katika pwani hii na kusema jina lake limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Tanga la mkeka la mraba kubisha ni taabu zaidi. Watu waliokuwa na vyombo vya namna hii walijenga biashara iliyofika Arabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa kukataa kubishana na upepo. Waliungoja.

Mgeni aliyeharakisha

Mfano mzuri zaidi wa somo hili umo katika safari ambayo kila mwanafunzi ameisoma darasani. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498. Mtawala wa Malindi akampa rubani aliyeijua njia ya Bara Hindi. Kwa muda mrefu ilisemwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Julfar. Wanahistoria wa leo wengi hawakubali hilo. Vyovyote iwavyo, waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikianza, na wakavuka bahari kuu kwa siku 23 hivi. Mwanzo wa msimu, upepo mgongoni, mwenye kujua njia yupo chomboni.

Kurudi kulikuwa hadithi nyingine. Mambo hayakwenda vizuri Calicut, na Wareno wakaondoka pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi ikiwa haijashika. Walikaa baharini karibu miezi mitatu, mara upepo wa kukaba, mara shwari tupu. Kiseyeye kikawaua wengi. Walipofika Malindi Januari 1499 waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, na moja, São Rafael, ikachomwa moto huku huku kwenye pwani yetu.

Njia ileile, merikebu zilezile, nahodha yuleyule. Siku 23 na karibu miezi mitatu. Tofauti ni majuma machache ya kusubiri. Shuleni tulifundishwa habari hii kama ushujaa wa mtu mmoja. Hatukuambiwa kwamba kila mvuvi wa Malindi angeweza kumwambia: bwana, ngoja kidogo.

Elimu iliyokaa kichwani

Ibn Majid tumwache kama rubani, lakini kama mwandishi hatuwezi kumwacha, hasa sisi wapenda fasihi. Karne ya 15 aliandika kitabu kikubwa cha nathari juu ya elimu ya bahari, na zaidi ya hapo akatunga mashairi marefu ya kufundishia: nyota, bandari, kina cha maji, siku za kuondoka zikihesabiwa kutoka Nairuzi. Moja kati ya mashairi hayo linahusu njia ya kuja pwani yetu mpaka Sofala. Mwanachuoni wa Kirusi, Shumovsky, alilichapisha mwaka 1957 kutoka kwenye mswada uliokuwa umehifadhiwa Leningrad.

Kwa nini shairi? Kwa sababu usiku, mawimbi yakipanda, hakuna anayefungua kitabu. Vina na mizani ni mfuko usioingia maji. Mtu aliyezoea tenzi za pwani hatashangaa. Kwetu pia elimu nzito ilibebwa kwa vina ili isimwagike. Mzee wetu hakuwa na shairi, lakini maagizo yake yalikuwa mafupi na ya kurudiwa, na siku ya tatu tukajikuta tunayasema wenyewe kabla yake. Legeza lilie, vuta linyamaze. Niliandika kwenye daftari siku ya kwanza. Daftari likalowa. Maneno yakabaki.

Mwandishi mwingine wa kukumbukwa hapa ni Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi kubwa la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Walishuka na kaskazi mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji, wakapakia boriti za mikoko, wakarudi na kusi. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940. Ninachokipenda kwake ni kwamba alikuwa tayari bingwa wa merikebu za tanga za Kizungu, na bado alikaa pale kama mwanafunzi. Anaeleza wanamaji wakivuta foromali kwa nyimbo na ngoma, na anaeleza kungoja: siku nyingi za kukaa bandarini kwa sababu msimu haujafika. Bila kujua, alikuwa anaandika kuhusu kizazi cha mwisho. Baada ya hapo yakaja mafuta ya Kuwait, Mapinduzi ya 1964 huku, meli za chuma na injini kila mahali.

Mchezo au kazi?

Hapa ndipo mimi na mwalimu wa jiografia tulipobishana, na tulibishana kweli, ufukweni, kahawa ikipoa. Hoja yake: hiki tunachofanya ni utalii wa wenyeji. Mvuvi hachezi baharini. Baba yake alivua kwa tanga na siku alipopata injini aliliuza tanga bila kugeuka nyuma, kwani samaki wanaooza njiani hawalishi watoto. Sisi wenye mishahara ndio tunakuja kulitamani tanga. Yaani tunalipia kile ambacho wenzetu walilipia ili waachane nacho.

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama kuna jibu la kumaliza. Lakini historia ina la kusema. Matembezi ya tanga hata Ulaya yalizaliwa kutoka kwenye kazi. Neno la Kiholanzi jacht lilikuwa la vyombo vyepesi vya mwendo kasi. Mwaka 1660 mji wa Amsterdam ulimpa zawadi ya chombo cha namna hiyo Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Mwaka uliofuata alishindana na ndugu yake James katika mto Thames kwa dau la pauni 100. Kutoka hapo ikakua mila nzima: vilabu, vikombe, shule za watoto, vitabu. Mashua za kazi zilipokufa, elimu ya tanga haikufa nazo, kwa sababu ilikuwa imeshapata nyumba ya pili katika mchezo.

Na kwetu mchezo haukuwa mgeni. Watoto wa pwani wamekuwa wakishindanisha vidau vya kumbi la nazi na tanga la mfuko wa plastiki tangu plastiki ilipokuja, na kabla ya plastiki walitumia walichokuwa nacho. Kidau kinachopinduka kinamfundisha mtoto wa miaka saba jambo lilelile tulilofundishwa sisi wazee wa miaka thelathini na kitu. Zipo resi za ngalawa Unguja, na Lamu wana mashindano ya mashua katika tamasha lao la utamaduni, ambako mji mzima husimama ukingoni kupiga kelele. Hakuna anayewaambia watu wa Lamu kwamba wanaiga Wazungu. Tangu zamani mchezo ulikuwa darasa la kwanza, na kazi ikawa la pili. Tulichopoteza ni kwamba darasa la pili limefungwa, na la kwanza limebaki bila kujua linaandaa watu kwa ajili ya nini.

Hoja ya mwalimu inabaki na uzito wake, lakini. Mzee wetu tulimlipa kwa saa. Wanawe wanaendesha boti za injini za wageni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba amfundishe demani. Alitueleza bila kulalamika, kama anayetaja bei ya sukari. Fundi simu akamuuliza, "Sasa mzee, ukiondoka wewe?" Akajibu, "Upepo utakuwepo."

Mbao na mikono

Jengo la Beit al-Ajaib kule Mji Mkongwe lilikuwa limehifadhi nakala ya mtepe, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, muda mrefu baada ya mitepe yenyewe kutoweka baharini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Nimekuwa nikifikiria jambo hilo. Makumbusho yanahifadhi mbao, na ni kazi njema, lakini hata mbao zikisalimika haziwezi kukuonyesha tanga la mkeka lilivyoshikwa siku ya upepo wa kukaba. Elimu hiyo ilikaa viganjani, na viganja vilizikwa.

Upande wa pili, mwaka 2018 mafundi wa Lamu walimaliza chombo cha mita tisa hivi kilichojengwa kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, na mapema mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, kilomita 500 hivi, kupiga kelele dhidi ya taka za baharini. Watu wengi walitazama rangi zake. Mimi nilitazama tarehe. Waliondoka Januari, kaskazi ikiwa imeshika, wakashuka nayo kusini. Malighafi mpya kabisa, akili ileile ya Nairuzi. Hiyo ndiyo namna ya kuhifadhi ninayoiamini: plastiki, kanvasi, mkeka, vyovyote, mradi mtu ameshika demani na mwingine yuko pembeni anamsahihisha.

Kwa msomaji wa kitabu faida ni ya karibu zaidi. Siku hizi nikikuta neno mrama kwenye riwaya nasikia miguu yangu ikitafuta pa kushika. Nikisoma kwamba watu wanabishana, sioni tena watu wawili wamesimama mahali pamoja wakipigiana kelele. Naona chombo kinachokwenda mshazari, kinageuka, kinakwenda tena, na kila mara kimesogea kidogo. Aliyelipa neno hili maana hizi alijua kwamba kuna mahali huwezi kufika ukielekea moja kwa moja.

Kama uko pwani, au una ndugu pwani, muulize ni nani mtaani kwao bado anajua kupindua tanga. Yupo. Mfuate kabla ya Desemba, lipa anachodai, na uende na rafiki anayependa kubisha. Usichelewe, maana tanga mbili ni fupi: kaskazi ikishashika, nahodha anakwenda kazini na darasa linafungwa.